Mtu wa mlimani akitaka kuzamia mabaki ya baharini: mwongozo kamili, hadi safari ya kurudi Moshi

Hatari kubwa ya mbizi kwa mtu wa Moshi au Arusha humkuta akiwa ndani ya basi, nguo zimeshakauka, kati ya Mombo na Same. Nitafika huko. Nimeanza nayo kwa sababu maelekezo mengi ya mbizi yameandikwa kwa watu wa usawa wa bahari, ambao wakimaliza kuzamia wanatembea kwa miguu hadi nyumbani. Sisi tukimaliza, tunapanda.

Nilianza mbizi nikiwa nimeshafanya kazi mlima Kilimanjaro misimu kadhaa, kwanza mpagazi, kisha msaidizi wa kiongozi. Jioni moja kwenye kibanda cha Horombo, huko huko mlimani, mgeni alinionyesha kwenye simu picha za gati la zamani lililoangukia baharini: nguzo zimesimama katika maji ya kijani, samaki wanapishana katikati yake kama watu wa soko la Mbuyuni. Juu ya nguzo zile kulikuwa na bustani ya starehe, watoto wakipanda bembea na kula aiskrimu. Niliporudi nyumbani nikamweleza mama kwamba nataka kujifunza kuzamia. Akauliza swali moja tu: "Na kupumua utapumuaje, baba?" Mwongozo huu ni jibu lake, refu kidogo.

Kwanza ujue unachokwenda kuona

Mabaki ninayoyasema ni ya magati yaliyoanguka na meli zilizozama. Bustani za starehe za baharini zilijengwa juu ya magati marefu, na gati likitelekezwa bahari hulichukua kipande kwa kipande. Mfano unaotajwa sana ni Pacific Ocean Park, ufukweni Santa Monica, California. Ilifunguliwa tarehe 28 Julai 1958. Kulikuwa na treni ya kupanda na kushuka, maonyesho ya viumbe wa bahari, na vibanda vya duara vilivyoning'inia kwenye waya, vikiwapeleka watu juu ya mawimbi na kuwarudisha. Ikafungwa mwaka 1967. Baada ya hapo moto uliiunguza, vijana wakawa wanateleza na mbao zao za mawimbi katikati ya nguzo zilizobaki, na kufikia majira ya baridi ya 1974 kuingia 1975 ilikuwa imebomolewa. Zilizosalia ni nguzo chache chini ya maji na mabango ya kuwaonya watu. Huko Brighton, Uingereza, gati la West Pier lilifunguliwa 1866, likafungwa 1975, sehemu yake ikaporomoka Desemba 2002, na mwaka uliofuata likaungua mara mbili. Mifupa yake ya chuma ingali imesimama majini.

Namna kila kitu kinavyooza ndiyo itakayokwambia usogee kiasi gani. Mbao hutafunwa na kiumbe laini kama mnyoo, ingawa kwa ukoo ni jamaa wa chaza, anayezitoboa hadi zinakuwa kama sega la nyuki. Mafundi wa majahazi wanamjua vizuri, na ndiyo sababu sehemu ya chini ya chombo hupakwa shahamu na chokaa. Nguzo ya mbao inaweza kuonekana nzima kabisa, ukiiegemea ikavunjika kama muwa mkavu. Chuma hubanduka tabaka baada ya tabaka, na sahani nzito iliyo juu ya kichwa chako inaweza kuwa imeshikwa na upana wa kidole tu wa kutu. Zege hudumu, lakini likipasuka nondo hutokeza nje zikiwa zimechongoka, zikielekea kila upande. Halafu kuna waya na kamba za chuma, ambazo hazikai chini kama unavyotegemea. Zinaning'inia na kuyumba na mawimbi.

Kutokana na hayo nina sheria moja ambayo sina mjadala nayo: mabaki huangaliwa kutoka nje. Huingii chini ya sakafu iliyolala, huingii ndani ya chumba, huchungulii mahali ambapo ukitazama juu huoni mwanga wa wazi. Kuingia ndani kuna mafunzo yake, kamba zake za kuongozea na mitungi ya akiba, na watu wenye mafunzo hayo hawahitaji kusoma maelezo yangu.

Huna haja ya kwenda California kuanza. Mbele ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna historia ya kutosha. Meli ya Sultani iitwayo Glasgow ilizamishwa tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vilivyoisha ndani ya saa moja, na milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji bandarini kwa miaka, kila mpita njia akiiona, hadi mabaki yalipovunjwa mwaka 1912. Vipande vilivyosalia viko chini hadi leo. Karibu na hapo, kwenye mwamba wa Pange, ipo Great Northern, meli ya chuma ya kutandaza nyaya za telegrafu, iliyozama mkesha wa mwaka mpya wa 1902. Imelala kwenye kina cha mita 12 hivi. Kwa mtu mwenye kadi mpya ya uzamiaji, hiyo ndiyo shule bora ya mabaki ninayoijua katika bahari yetu: kina kidogo, mwanga mwingi, na hakuna kinachokushawishi kuingia ndani.

Mwili wako kabla ya bahari

Kituo chochote cha maana kitakupa fomu ya afya. Pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo, pafu lililowahi kutoboka, upasuaji wa sikio, ujauzito: mojawapo ya hayo likikuhusu, pita kwa daktari kwanza, na kama ni ujauzito acha kabisa hadi baadaye. Naongeza jambo moja kwa sababu ni letu: aliyewahi kuugua kifua kikuu aombe picha ya kifua kabla ya kulipia kozi. Kovu kwenye pafu linaweza kunasa hewa, na hewa iliyonaswa hupanuka unapopanda. Usidanganye kwenye fomu ile ili usipoteze nauli.

Chanjo ya pepopunda iwe hai. Unakwenda kwenye kutu na miiba.

Sasa kuogelea. Kozi ya kwanza itakutaka uogelee mita 200 bila kusimama na bila vifaa, kisha uelee dakika 10. Kwenye bwawa la mita 25 hiyo ni mara 8. Hakuna anayekupima mwendo. Moshi na Arusha kuna mahoteli yanayouza tiketi ya bwawa kwa siku, na miezi miwili ya kwenda mara mbili kwa wiki inatosha kumgeuza mtu anayejua kujikokota majini kuwa mtu anayetulia majini. Utulivu ndio tunaoutafuta. Chemchemi ya Chemka, kule Kikuletwa, maji yake meupe ni mazuri kwa kuzoea miwani na mrija wa kupumulia: lala kifudifudi, uso ndani ya maji, pumua taratibu dakika kumi bila kuinua kichwa. Nenda na mwenzako anayejua kuogelea na abaki akikuangalia.

Ziwa Chala liache. Najua linavyovutia ukisimama ukingoni, bluu ile. Lina kina kirefu sana, mamba wameshaua mtu mle, na mbizi ya kwenye ziwa lililo juu ya mita 300 kutoka usawa wa bahari ina mahesabu yake tofauti ambayo kozi ya kwanza haikufundishi.

Mgandamizo, kwa lugha ya mtu wa mlimani

Unayajua masikio yanavyoziba gari likishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Chini ya maji ni jambo lile lile, ila limekazwa. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi ufukweni, mgandamizo wa hewa huongezeka karibu maradufu. Baharini mita 10 tu zinafanya kazi hiyo hiyo. Mteremko wote wa Moshi hadi Tanga ni sawa na kuzama mita moja hivi ya maji.

Ndiyo maana masikio husawazishwa mapema na mara nyingi: bana pua, puliza kwa upole, kila nusu mita mwanzoni. Yakigoma, panda kidogo, jaribu tena. Usilazimishe, na mwenye mafua asizame siku hiyo hata kama ameshalipa.

Kwenye kupanda kuna sheria mbili. Ya kwanza: usizuie pumzi kamwe. Hewa uliyovuta ukiwa mita 10 itachukua nafasi mara mbili ukifika juu, na pafu halina pa kuiweka. Ya pili: panda polepole, usizidi mita 9 kwa dakika, kisha tulia dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kuibuka. Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa unayopumua huyeyuka ndani ya damu na nyama. Ukipanda taratibu hutoka kupitia mapafu. Ukikimbia hutengeneza mapovu mwilini, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Sisi tunaowaambia wageni "pole pole" kuanzia lango la Marangu tuna bahati hapa, kwani mwendo huo tumeshauzoea mwilini.

Kozi, na namna ya kuchagua kituo

Kadi ya kwanza inapatikana kwa siku 3 hadi 4: nadharia, mazoezi ya bwawani au kwenye maji tulivu, kisha mbizi 4 baharini. Umri wa kuanzia ni miaka 10. Kadi hiyo inakuruhusu kufika mita 18, na haiishi muda, ingawa ukikaa mwaka bila kuzamia ufanye marudio na mwalimu. Zanzibar ndiko kwenye vituo vingi, lakini vipo pia Dar es Salaam, Pemba na Mafia.

Kuna kitu kinaitwa mbizi ya majaribio, nusu siku na mwalimu amekushika mkono. Ni nzuri, fanya, lakini isiwe kwenye mabaki.

Kabla ya kulipa, uliza maswali haya, tena ana kwa ana ukiweza. Boti ina mtungi wa oksijeni, na nani anajua kuutumia? Mtu akipata ugonjwa wa mapovu anapelekwa kutibiwa kwenye chemba ipi ya mgandamizo, na kwa chombo gani? Mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi? Kwangu mimi wakizidi wanne natafuta kwingine. Anayekasirishwa na maswali hayo ameshakujibu. Uliza pia bima, kwa sababu bima ya kawaida mara nyingi haigusi mbizi. Yapo mashirika kama DAN yanayoshughulikia wazamiaji peke yao.

Ukishapata kadi, usikimbilie mabaki kesho yake. Piga mbizi nyingine 6 hadi 10 kwenye matumbawe, ukifanyia kazi jambo moja: kuelea katikati ya maji bila kugusa chini wala kupanda. Mtu anayetua tua mchangani kwenye matumbawe anaharibu matumbawe. Akitua kwenye mabaki anajichoma nondo.

Kusoma bahari

Jifunze maneno ya wapwani, yanabeba taarifa zaidi ya programu ya simu. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Juni hadi Septemba, na katikati kuna masika, ambapo mito humwaga tope na maji huwa kama chai ya maziwa. Maji meupe zaidi kwetu ni kuanzia Oktoba hadi mapema Machi. Kusi ikivuma, upande wa Mji Mkongwe unakingwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo Great Northern inaweza kuzamiwa siku ambazo pwani ya mashariki imechafuka.

Kubwa kuliko upepo ni maji kupwa na kujaa. Mwezi ukiwa mpya au mpevu kuna bamvua, na Zanzibar tofauti ya maji makubwa na madogo hukaribia mita 4. Maji yote hayo lazima yapite mahali, na yanapopita katikati ya nguzo au vyuma hukaza mwendo kama mfereji wa shamba uliobanwa kwa jiwe. Chagua siku za maji mafu, katikati ya mwezi mpya na mpevu, na uingie wakati maji yamejaa na kusimama kabla ya kuanza kupwa. Nilimwuliza nahodha mmoja mzee mbona tunasubiri na bahari imetulia. Akaniambia, "Mjukuu wangu, juu pametulia. Tazama kamba ya boya." Kamba ilikuwa imelala upande kama imevutwa na ng'ombe. Tukakaa nusu saa, ikasimama wima, tukaingia.

Ufukweni kama wa Santa Monica ongeza na baridi. Maji ya kwetu ni nyuzi 25 hadi 29, suti nyembamba inatosha. California hushuka hadi nyuzi 13, unahitaji suti nene yenye kofia, na suti nene inakuelesha, hivyo mkanda wa vipande vya madini ya risasi unaokuzamisha unakuwa mzito na kila ulichozoea kuhusu kuelea unajifunza upya.

Vifaa

Vifaa vikubwa utakodi: mtungi, regyuleta (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi kwa mdomo), jaketi la hewa, suti, mapezi. Miwani nunua yako, inayokushika uso bila kamba ukivuta hewa kwa pua. Kompyuta ya mbizi, ile inayovaliwa kama saa na kukuhesabia kina na muda, kila mzamiaji awe na yake. Usikubali kushirikiana na mwenzako, kwa sababu hamkuwa kwenye kina kimoja.

Kwa ajili ya mabaki ongeza vitu vitatu. Kifaa cha kukatia, na hapa sipendekezi kisu kikubwa cha sinema bali kikata kamba kidogo au mkasi wa chuma kisichoshika kutu, uwe mahali ambapo mikono yote miwili inafika. Tochi, hata mchana, kwa sababu ukiwa mita 12 rangi nyekundu imeshapotea na kila kitu ni kijivu cha bluu hadi ukimulike. Na boya la kujaza hewa lenye kamba, ili ukiibuka mbali boti ikuone. Funga vizuri kila kinachoning'inia, geji (kipimo cha hewa iliyobaki) na regyuleta ya akiba, vibane kifuani. Kinachoning'inia ndicho kinachonasa.

Hesabu ya hewa ifanye juu ya boti, kwa kalamu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200, bar ikiwa kipimo cha mgandamizo, una lita 2,400. Acha bar 50, yaani lita 600, zisiguswe. Zinabaki 1,800. Mtu anayepumua lita 20 kwa dakika juu ya maji, akiwa mita 12 anatumia lita 44, kwa kuwa mgandamizo ni mara 2.2. Gawanya: dakika 40. Mgeni hutumia zaidi, kwa hiyo panga dakika 30, na ukifika bar 100 muanze kurudi kwenye kamba hata kama ndipo mambo yalipoanza kunoga.

Siku yenyewe

Usiku uliotangulia lala, usinywe pombe. Asubuhi kunywa maji mengi, kula kitu chepesi. Kagua vifaa vya mwenzako na yeye akague vyako, mtungi uwe umefunguliwa hadi mwisho.

Chora ramani. Ukipata picha ya zamani ya mahali penyewe, ya meli au gati likiwa zima, itazame muda mrefu, kisha chora kwenye kibao cha plastiki ulivyoambiwa limelala sasa. Nilizama Great Northern mara ya kwanza bila kufanya hivyo nikaona chuma tu, rundo la chuma. Mara ya pili nikiwa nimeshaelezwa, nilitambua umbo la chombo, nikajua ninapita ubavuni pa kitu kilichokuwa na watu juu yake. Tofauti ni kama ya kutembea kaburini unapojua majina na usipoyajua.

Shuka kwa kamba ya boya, mkono mmoja kwenye kamba, mmoja puani. Mita tatu juu ya mabaki simama. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanashuka moja kwa moja hadi chini na kutimua vumbi. Simama, tazama mkondo unaelekea wapi, nyavu ziko wapi, mwenzako yuko wapi, kisha anza kuzunguka ukienda kwanza dhidi ya mkondo ili ukichoka ukurudishe.

Piga mapezi kama chura, kutoka ubavuni, usiyapige juu na chini. Tope lililotulia kwa miaka likitibuliwa huioni hata geji yako. Kaa umbali wa mkono mmoja na nusu kutoka kwenye ukuta wowote. Na kila baada ya pumzi kadhaa tazama juu. Mtu aliyezama hutazama mbele na chini, wakati kinachoweza kumwangukia au kumnasa kipo juu ya kichwa chake. Kwenye nguzo za gati kuna pia mawimbi yanayokusukuma mbele na kukurudisha nyuma. Usishindane nayo na usijishike. Wimbi likikusukuma tulia, likikurudisha tulia, piga mapezi katikati.

Kitisho cha kweli ni mshipi wa nailoni. Watu hupenda kuvua kwenye magati na juu ya mabaki, mishipi hukatikia humo, na chini ya maji haionekani. Ulininasa kwenye valvu nyuma ya shingo, mahali nisipopaona, na nilichofanya kwanza ni kujigeuza nione. Nikajizungushia mara mbili. Ukihisi umeshikwa, simama kabisa. Pumua mara tatu. Rudi nyuma ulikotoka kwa nusu mita, mara nyingi hilo linatosha. Lisipotosha, mpe mwenzako ishara aje akate yeye, kwa kuwa yeye anaona. Mwenzangu alinikata kwa sekunde chache, akanishika bega hadi mapovu yangu yakapungua kasi. Kuanzia hapo sizami na mtu anayetangulia mbele akinisahau.

Viumbe waliohamia humo hawana ugomvi na wewe ukiwaacha. Utaona chewa amejificha kivulini, mkunga akitoa kichwa tunduni, pweza kama umetulia vya kutosha. Wenye sumu ni wale wanaofanana na mwamba au wenye mapezi kama manyoya, na vile viumbe vya mviringo vya miiba mirefu myeusi. Ukichomwa na samaki wa aina hiyo, panda kwa utaratibu ule ule wa siku zote, kisha tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, nyuzi 45 hivi, kwa muda wa dakika 30 hadi 90, huku mkipelekana hospitali. Mwingine ayapime maji kwa mkono wake, wako umeshakufa ganzi.

Usichukue kitu. Si bolti, si kipande cha sahani, si kigae. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unahesabu mabaki yaliyokaa majini miaka 100 kuwa urithi, na Great Northern imeshavuka umri huo. Lakini hata bila mkataba, mzamiaji anayekuja baada yako amesafiri mbali kama wewe.

Na sasa, barabara ya kurudi

Ukiibuka, naitrojeni haijaisha mwilini. Inaendelea kutoka kwa saa nyingi, na ukipanda mahali pa juu katika muda huo, mgandamizo unapungua na mapovu yanapata nafasi ileile tuliyoikwepa kwa kupanda polepole. Ndiyo maana wazamiaji wanakatazwa kupanda ndege mapema: baada ya mbizi moja ya kawaida subiri angalau saa 12, baada ya mbizi nyingi au za siku mfululizo angalau saa 18, na baada ya mbizi iliyokulazimu kusimama njiani kwa amri ya kompyuta, zaidi ya hapo.

Miongozo hiyo inahusu mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400 hivi. Moshi iko juu ya mita 800. Arusha ni kama 1,400. Kwa hiyo basi la Tanga kwenda Arusha, kwa mwili wa mzamiaji, ni ndege. Korogwe bado uko chini. Ukishapita Mombo kuelekea Same ndipo barabara inapoanza kukupandisha, taratibu, bila mtu yeyote kukutangazia ufunge mkanda. Vituo vya pwani vitakuuliza unaruka lini. Ukijibu "siruki, narudi na basi" watakuruhusu uende. Waambie unakwenda mita ngapi juu.

Mimi huhesabu saa 24 bila kujali ni mbizi ngapi. Ratiba yangu ni hii: matumbawe Jumatatu hadi Alhamisi, mabaki Ijumaa asubuhi, nimetoka majini kabla ya saa tano. Jumamosi ni ya Forodhani, ya kulala, ya kununua karafuu na kanga za watu wa nyumbani. Jumapili alfajiri boti ya Dar, kisha basi. Siku ya Jumamosi huonekana kama hasara kwa mwenye likizo fupi, na ndiyo siku ninayoilinda kuliko zote.

Kwa wenzangu wa utalii hapa Arusha na Moshi: mgeni aende mlima kwanza, mbuga, halafu bahari. Mpangilio huo tumeuzoea kwa sababu za mapumziko, lakini una faida hii kubwa. Anayetaka kugeuza, aelezwe. Ukingo wa Ngorongoro uko juu ya mita 2,200, na kibanda cha Mandara, usiku wa kwanza tu wa njia ya Marangu, kiko mita 2,720, tayari kimepita kiwango ambacho saa 18 zilipangiwa. Mgeni aliyezamia jana asianze mlima kesho. Mimi humwomba siku tatu kamili, na kama amezamia wiki nzima, aongee na daktari wa mbizi kabla hajafika langoni.

Ukishafika nyumbani, jiangalie siku nzima ya kwanza. Maumivu ya bega, goti au kiwiko ambayo hukuumia popote, ganzi, ngozi yenye mabaka, kizunguzungu, kushindwa kukojoa, uchovu usio wa kawaida: hizo ni dalili. Huku kwetu mtu mwenye uchovu na maumivu ya viungo hupimwa malaria, akapewa dawa, akarudi kulala. Kwa hiyo ukifika hospitali, sentensi yako ya kwanza iwe, "Daktari, nilikuwa nazamia baharini kwa mtungi," kisha siku na kina. Omba oksijeni wakati mnapiga simu kwenye kituo ulikozamia na kwa watu wa bima. Usikubali kurudishwa pwani kwa ndege ya kawaida bila daktari wa mbizi kusema.

Kabla hujashuka kwenye boti, andika kwenye karatasi saa uliyoibuka, kina cha juu ulichofika, dakika ulizokaa na namba ya kituo. Karatasi hiyo ikunje pamoja na kadi ya bima, iweke mfukoni, na mwambie uliyekaa naye kwenye basi ipo mfuko gani.